Kwenda Panipat kwa siku moja: uwanja wa vita usioonekana na mji wa mablanketi

*"Mtaalamu, ninafundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Mwezi wa Februari nitamsindikiza mama yangu Delhi kwa matibabu ya moyo, na tumeambiwa tujiandae kukaa wiki tatu au zaidi. Nikipata siku moja ya nafasi ningependa kufika Panipat, kwa kuwa jina hilo nimelikuta vitabuni tangu nikiwa mwanafunzi. Rafiki yangu aliyesoma India ananiambia nisijisumbue, kwamba huko hakuna cha kuona ila moshi na malori. Wakati huohuo dada yangu, ambaye ana duka la mashuka na mablanketi, amesikia kuwa Panipat ndiko yanakotoka mablanketi ya bei nafuu na anataka nimnunulie mzigo. Je, uwanja wa vita upo na unaonekana? Naweza kuwaona wafumaji wakiwa kazini? Na je, yote haya yanawezekana kwa siku moja, au nitakuwa nimemwacha mgonjwa bure?"*

Mwalimu, kwanza namwombea mama yako matibabu mema na afya. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja, la historia, la wafumaji na la biashara, na nitayatenganisha kwa sababu kila moja lina jibu lake. Kwa ufupi ni hivi: nenda, na siku moja inatosha ukiondoka Delhi mapema. Uwanja wa vita hutauona kwa macho kama unavyoona ngome au kasri, kwa hiyo lazima uende ukiwa umeshausoma. Wafumaji utawaona ikiwa umetafuta mwenyeji kabla ya safari. Mzigo wa dada usiununue siku hiyo, na nitaeleza kwa nini.

Rafiki yako hakukudanganya kuhusu moshi na malori. Panipat ni mji wa viwanda katika jimbo la Haryana, kilomita zipatazo 90 kaskazini mwa Delhi, kwenye barabara kuu ya kale ambayo Waingereza waliiita Grand Trunk Road. Una kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, una viwanda vya kutia rangi ambavyo maji yake machafu yamekuwa kero ya miaka mingi, na katikati ya mji magari yanapita juu ya daraja refu huku chini yake maduka yamebanana. Anayetarajia uwanja uliozungushiwa uzio, wenye mizinga ya kale iliyopangwa na njia ya watalii iliyofagiliwa, atarudi amenuna. Alichokosea rafiki yako ni kudhani kwamba mahali pasipo na magofu hapana cha kumfundisha mtu.

Kuna dhana moja inayopaswa kurekebishwa mwanzoni kabisa, nayo ni ile ya "uwanja wa vita" mmoja. Palipiganwa vita vikubwa vitatu, na havikupiganwa juu ya ardhi ileile. Tarehe 21 Aprili 1526 Babur, mtawala wa Kabul, alimshinda Sultani Ibrahim Lodi wa Delhi, na hapo ndipo ulipoanza utawala wa Wamughal. Tarehe 5 Novemba 1556 jeshi la mjukuu wake, Akbar, lilimshinda Hemu, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ameuteka mji wa Delhi. Tarehe 14 Januari 1761 Ahmad Shah Durrani wa Afghanistan na washirika wake waliwavunja Wamaratha waliotoka kusini. Viwanja hivyo viko pande mbalimbali za mji na vijiji vyake, na ukimwambia dereva "nipeleke uwanja wa vita" atakupeleka kwenye mnara wa vita vya tatu, utapiga picha mbili, na utarudi ukidhani umemaliza.

Kwa nini majeshi yalikutana hapo mara tatu katika muda wa miaka 235? Tazama ramani. Kaskazini-mashariki kuna vilima vya chini vya Himalaya, kusini-magharibi kunaanza ukame unaoishia kwenye jangwa la Rajasthan. Jeshi linalotoka Kabul au Lahore kwenda Delhi lina njia moja nyepesi kati ya vizuizi hivyo viwili, tambarare yenye maji, malisho na nafaka, na mto Yamuna ukiwa ubavuni. Mtawala wa Delhi asingeweza kumsubiri adui nyuma ya kuta zake huku mashamba yanayomlisha yakitekwa, kwa hiyo alitoka kwenda kumkabili, na mwendo wa siku chache kutoka Delhi ulimfikisha katika wilaya hizihizi. Hata pale Nadir Shah wa Uajemi alipoivamia India mwaka 1739, pambano kuu lilikuwa Karnal, mji unaofuata kwenye barabara hiyohiyo. Ukiwa ndani ya treni utaona mwenyewe jinsi ardhi ilivyo bapa: ngano pande zote, hakuna hata kilima cha kujificha kikosi kimoja. Wapanda farasi hawangepata mahali bora zaidi.

Tambarare hiyohiyo ndiyo iliyofuta alama. Kila vita vilimalizika ndani ya siku moja, na ngome zenyewe zilikuwa za mikokoteni, matawi ya miti na mahandaki ya udongo laini ulioletwa na mto. Udongo huo umelimwa kila msimu tangu siku hiyo. Mto Yamuna umekuwa ukihama mkondo, mifereji ya umwagiliaji imechimbwa, na mji umetanuka, hasa baada ya mwaka 1947. Usitafute handaki la Babur. Limeshapandwa ngano mara mamia.

Sasa nikueleze namna ya kuvisoma vita hivyo ukiwa pale, nikianza na vya 1526, kwa sababu ndivyo vinavyofundishwa vibaya zaidi. Wengi husema Babur alishinda kwa kuwa alikuwa na mizinga na mpinzani wake hakuwa nayo. Mizinga ilikuwepo kweli, chini ya mafundi wake Ustad Ali Quli na Mustafa, lakini mizinga ya wakati ule ilipiga polepole, na peke yake isingezuia jeshi kubwa lenye tembo. Siri ilikuwa katika mpangilio. Ubavu wa kulia Babur aliuegemeza kwenye nyumba za mji wenyewe, hivyo asingeweza kuzungukwa upande huo. Wa kushoto aliufunga kwa handaki na matawi. Katikati alipanga mikokoteni ipatayo 700, akaifunga pamoja kwa kamba za ngozi mbichi, na kati ya mkokoteni na mkokoteni akaweka ngao kubwa ambazo wapiga magobori walijikinga nyuma yake. Aliacha mianya ya kutosha wapanda farasi mia hivi kutoka kwa pamoja.

Jeshi la Ibrahim lilikuja mbio. Lilipofika karibu na kuona uwanja umekuwa mwembamba, safu za mbele zilisita, huku za nyuma zikiendelea kusukuma. Katika msongamano huo vikosi vya pembeni vya Babur vilizunguka nyuma na kuanza kumimina mishale, na mizinga ikafyatua kutoka mbele, mahali ambapo hata fundi mbovu asingekosa shabaha. Babur mwenyewe ameandika katika kumbukumbu zake kwamba pambano lilianza jua likiwa limepanda kimo cha mkuki, na kufikia adhuhuri lilikuwa limekwisha. Ibrahim aliuawa papo hapo, akawa sultani pekee wa Delhi kufia vitani.

Kuhusu idadi, wafundishe wanafunzi wako tahadhari. Tunasoma kuwa Babur alikuwa na watu 12,000 na Ibrahim 100,000 pamoja na tembo wapatao 1,000. Hesabu ya pili inatoka kwenye kalamu ya mshindi, na kila mshindi hufurahi kumwongeza adui. Kwamba Babur alizidiwa kwa watu halina ubishi mkubwa. Kwamba alizidiwa mara nane ni dai lake.

Vituo vya vita hivi mjini ni viwili. Kimoja ni kaburi la Ibrahim Lodi, ambalo ni jukwaa la matofali lenye ngazi, bila kuba na bila paa, katikati ya shughuli za mji. Waingereza ndio waliolitengeneza upya katika karne ya 19 na kuweka maandishi. Watu wengi hulipita kwa dakika tano kwa sababu ni dogo, lakini nakushauri ulitazame ukiwa umeshaona jambo moja kabla: ukiwa bado Delhi, nenda kwenye bustani ya Lodi, ambapo amezikwa Sikandar Lodi, baba yake Ibrahim, ndani ya kaburi la pembe nane lenye kuba na uzio wake wa mawe, ambalo Ibrahim ndiye aliyelijenga. Mwana aliyemjengea baba kaburi kama lile alizikwa pale alipoanguka, juu ya matofali. Hakuna kitabu kitakachokuonyesha kuanguka kwa utawala waziwazi kuliko makaburi hayo mawili.

Kituo cha pili ni msikiti wa Kabuli Bagh, uliojengwa kwa amri ya Babur mara tu baada ya ushindi, na ambao kwa mapokeo umepewa jina la mkewe. Ukaribie taratibu. Ni jengo la matofali lenye kuba kubwa katikati na vyumba vya pembeni vyenye vikuba vidogo, na ukisimama uani utaona fundi akijaribu umbo la Asia ya Kati kwa vifaa vya India, matofali mahali ambapo Samarkand wangeweka vigae vya rangi. Ni miongoni mwa majengo ya kwanza kabisa ya Wamughal nchini India. Taj Mahal itakuja zaidi ya miaka 100 baadaye.

Vita vya 1556 havina mengi ya kutazama. Hemu, aliyepanda ngazi kutoka biashara hadi uongozi wa majeshi ya watawala wa Kiafghani, alikuwa akielekea ushindi juu ya tembo wake mpaka mshale ulipomchoma jichoni. Jeshi lilipomwona ameanguka lilitawanyika. Akbar alikuwa na umri wa miaka 14 na hakuwa mstari wa mbele. Aliyeongoza mambo ni mlezi wake, Bairam Khan.

Vita vya 1761 ndivyo vyenye huzuni kubwa zaidi, na vina kitendawili ambacho darasa lako litakipenda. Wamaratha walitoka kusini na Durrani alitoka kaskazini-magharibi, lakini siku ya pambano Wamaratha ndio waliokuwa kaskazini wakitazama kusini. Ilikuwaje? Mwishoni mwa Oktoba 1760 Durrani aliuvuka Yamuna chini yao, akakaa kati yao na Delhi, na hivyo akakata njia ya chakula. Kiongozi wao, Sadashivrao Bhau, alijichimbia Panipat akiwa na wapiganaji pamoja na umati wa raia, wake, watoto, wachuuzi na mahujaji waliofuatana na msafara. Kwa zaidi ya miezi miwili kambi ile ilikula akiba, kisha ikala wanyama wake, kisha ikakosa. Asubuhi ya 14 Januari walitoka kupigana wakiwa na njaa, wakijaribu kujifungulia njia ya kurudi kwao. Mpaka mchana walikuwa hawajashindwa. Vishwasrao, mtoto wa Peshwa, yaani waziri mkuu aliyekuwa mtawala halisi wa Wamaratha, alipopigwa risasi na kufa, safu zilianza kulegea, na kufikia jioni kilichobaki kilikuwa mauaji. Inasemwa kwamba habari zilimfikia Peshwa kwa barua ya mfanyabiashara iliyoandikwa kwa mafumbo ya fedha: lulu mbili zimeyeyuka, sarafu 27 za dhahabu zimepotea, na za shaba na fedha hazina hesabu.

Mnara wa vita hivi uko Kala Amb, kiasi cha kilomita 8 nje ya mji, ndani ya bustani tulivu. Utaambiwa kwamba hapo palikuwa na mwembe uliogeuka mweusi kwa damu. Ichukue kama simulizi. Kila mwaka tarehe 14 Januari watu husafiri kutoka Maharashtra, jimbo la asili la Wamaratha, kuja kuwakumbuka wazee wao hapo, jambo linaloonyesha kuwa kwao habari hii haijawa ya vitabuni tu.

Kabla sijatoka kwenye vita, niruhusu nikuonye kuhusu jambo utakalosikia kwa madereva na kwenye mitandao: kwamba Panipat ni historia ya Waislamu dhidi ya Wahindu. Haikubaliani na ushahidi. Mwaka 1526 Mwislamu alimpindua Mwislamu, tena kwa kualikwa na Daulat Khan Lodi, gavana wa Punjab kutoka ukoo uleule. Jeshi la Hemu mwaka 1556 lilijaa Waafghani. Mwaka 1761 mizinga ya Wamaratha iliongozwa na Ibrahim Khan Gardi, Mwislamu aliyekataa kuwaacha, na upande wa Durrani, chini ya Nawabu (mtawala Mwislamu) wa Awadh, walikuwepo wapiganaji watawa wa Kihindu wa Gosain. Dini ilitumiwa kuhamasisha, hilo ni kweli. Lakini iliyokuwa ikigombewa ilikuwa Delhi na kodi zake.

Sasa wafumaji. Hapa nako kuna picha inayopaswa kurekebishwa, kwani ukisikia "mji wa wafumaji" unaweza kuwaza kitanda cha kufumia katika kila baraza. Ufumaji wa mikono upo, na ni wa zamani, lakini Panipat ya leo ni hasa ya mashine. Mwaka 1947 India ilipogawanywa, Waislamu wengi wa mji, wafumaji wakiwamo, walihamia Pakistani, na wakaja wakimbizi Wahindu na Masingasinga kutoka Punjab ya magharibi, baadhi yao wakiwa na ufundi wa nguo. Kwa mikono yao na ya vibarua waliokuja baadaye kutoka majimbo maskini, mji ukawa kitovu cha mapazia, mashuka, mazulia na mablanketi, mengi ya kuuzwa nje.

Jambo ambalo mtu wa Afrika Mashariki atalielewa upesi kuliko mtalii wa Ulaya ni hili: Panipat inaishi kwa mitumba. Robota za nguo zilizovaliwa Ulaya na Amerika Kaskazini huchambuliwa. Zinazovalika huja kwenye masoko kama Karume ya Dar es Salaam na Gikomba ya Nairobi, na zile zisizovalika, hasa sweta na makoti ya sufu, nyingi zimekuwa zikielekea Panipat. Sheria ya India hutaka nguo za namna hiyo zichanwe kabla ya kuingizwa, ili zisiuzwe tena kama nguo. Ukibahatika kuingia katika kiwanda cha aina hii utaona vilima vya sweta vilivyopangwa kwa rangi, vyekundu huku, vya buluu kule. Huo si urembo. Rangi ikishatenganishwa hapo, uzi utakaotoka hauhitaji kutiwa rangi upya, na gharama kubwa ya maji na dawa imeokolewa. Wanawake hukaa chini, kila mmoja mbele ya kisu kilichosimamishwa imara na makali yakimwelekea, kama mbuzi ya kukunia nazi, wakivuta koti kwenye makali kuondoa vifungo, zipu, bitana na lebo. Yanayobaki huingia kwenye mashine yenye meno inayoyararua mpaka yanakuwa manyoya, kisha yanachanuliwa, yanasokotwa uzi mnene na kufumwa blanketi. Nyuzi zikiraruliwa hukatika na kuwa fupi, ndiyo maana uzi huo ni dhaifu, huchanganywa na nyuzi za viwandani, na blanketi lake hukwaruza ngozi. Yale mablanketi ya kijivu yanayogawiwa kwenye maafa na kambi za wakimbizi, mengi yametoka huko. Biashara hiyo lakini imepungua, kwa kuwa mablanketi laini ya poliesta, kwanza ya China na sasa ya Panipat yenyewe, ni mepesi na bei yake inashindana nayo. Kinachozidi kukua ni uzi wa pamba unaotokana na mabaki ya viwanda vya nguo.

Ufumaji wa mikono utauona zaidi kwenye mazulia membamba ya pamba yaitwayo durrie. Mfumaji hupitisha mshindio wa rangi kati ya nyuzi za mtande, sehemu kwa sehemu kufuata mchoro, kisha huugonga chini kwa panja, chombo cha chuma chenye meno kama kucha, mpaka mtande wote unafunikwa. Zulia likiisha linafanana pande zote mbili. Msikilize anavyogonga: mfumaji mzoefu hagongi kwa nguvu sana, anagonga kwa mpigo uleule, na kingo za zulia lake zimenyooka. Hiyo ndiyo alama ya kutazama ukinunua. Kingo zikipinda kama nyoka, mpigo ulikuwa wa mwanafunzi.

Kuingia kiwandani bila mwenyeji ni vigumu. Wenye viwanda humwogopa mgeni mwenye kamera, ama kwa kulinda michoro yao, ama kwa sababu hali ya wafanyakazi si ya kuonyeshwa. Omba hoteli yenu au mtu wa kitengo cha wagonjwa wa kigeni hospitalini akupatie jina la mfanyabiashara wa Panipat, upige simu siku kadhaa kabla, useme wewe ni mwalimu. Heshima ya mwalimu huko ingali ipo. Ndani, omba ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu yeyote, na vaa barakoa, kwa maana vumbi la nyuzi ni jingi. Mwenye pumu asiingie kabisa kwenye chumba cha kurarulia.

Nimefika kwa dada yako. Kuna mambo mawili yanayozuia. La kwanza ni viza. Msindikizaji wa mgonjwa hupewa viza ya usindikizaji, na mtu anayekwenda kununua bidhaa za biashara anatakiwa kuwa na ya biashara. Kutembea Panipat na kununua zulia la nyumbani ni jambo dogo, kusaini mikataba ya mzigo ni jambo jingine, na hili liulize Ubalozi wa India Dar es Salaam kabla hujaomba, usilitegemee neno la wakala wala langu. La pili ni mzigo wenyewe. Blanketi ni kitu cha kujaza nafasi. Faida yake iko kwenye kontena, na kontena linahitaji wakala wa forodha, malipo kwa awamu, ukaguzi wa ubora unaokidhi masharti ya TBS kabla ya kusafirishwa, na hesabu ya kodi za TRA. Hayo hayafanywi mchana mmoja na mtu ambaye akili yake iko wodini.

Unachoweza kumfanyia ni kumletea sampuli chache pamoja na kadi za wauzaji, na kwa kila sampuli uandike uzito, vipimo na bei iliyotajwa. Uzito ndio usemi wa kweli wa blanketi. Picha na jina la "sufu" vyaweza kusema lolote. Ukitaka kujua kilichomo, chomoa uzi mmoja, uuwashe nje mahali salama: sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake hupondeka vidoleni, poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu, na mchanganyiko hutoa vyote viwili. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwomba uzi wa kujaribu. Baadaye dada yako aende mwenyewe, au azungumze ana kwa ana na wakala wa forodha anayewaletea wafanyabiashara wenzake, ndipo atume fedha.

Siku yenyewe ningeipanga hivi. Panda treni ya asubuhi kutoka stesheni ya New Delhi. Tiketi unaweza kuikata katika ofisi ya wageni iliyo ndani ya stesheni hiyo ukiwa na pasipoti yako halisi, na safari ni ya saa moja na nusu hivi. Mabasi ya kituo cha Kashmere Gate yapo mengi, lakini barabara ina foleni. Ukishuka, kodi teksi au bajaji kwa nusu siku na mpatane bei kabla ya kupanda. Anza na Kala Amb asubuhi kukiwa na ubaridi, rudi mjini kwa kaburi la Ibrahim na Kabuli Bagh, kisha ukipenda pita kwenye dargah, yaani kaburi linalozuriwa, ya Bu Ali Shah Qalandar, walii aliyefariki mwaka 1324, ambako pia amezikwa mshairi wa Kiurdu, Altaf Hussain Hali. Vua viatu na funika kichwa. Jumba la makumbusho la mji ni dogo, nalo ningeliruka muda ukibana. Mchana uwe wa wafumaji. Chakula kingi cha Haryana ni cha mboga, kwa hiyo anayejali halali hatapata shida, na ukirudi kwa gari Murthal iko njiani, maarufu kwa mikate yake iliyojazwa viazi na kupakwa siagi nyeupe.

Februari ni mwezi mzuri. Ukungu mzito wa Desemba na Januari, ambao huchelewesha treni kwa saa nyingi, huwa umepungua, na joto kali la Mei bado liko mbali. Beba sweta kwa asubuhi. Watu watakukodolea macho, na wengine wataomba kupiga picha nawe. Mara nyingi ni udadisi tu. Ubaguzi dhidi ya Waafrika nao upo India, kwa hiyo rudi Delhi kabla ya giza, na mtu akikukera usijibizane naye barabarani.

Kuhusu mama, usimchukue. Saa nyingi za kukaa garini, moshi na msongamano si vitu vya mgonjwa wa moyo, hasa kama amefanyiwa upasuaji, na hata kama anajisikia vizuri na anatamani kutoka, mwenye kauli ni daktari wake. Chagua siku ambayo hana kipimo wala utaratibu wowote, muachie mtu anayefahamu lugha yake na dawa zake, na wodi iwe na namba yako. Daktari akikuambia siku hiyo si nzuri, ahirisha.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano muwe nayo kila mmoja wenu, na kama hamjachanjwa fanyeni hivyo si chini ya siku 10 kabla ya kusafiri. Kwa mtu wa umri wa mama yako mwenye ugonjwa wa moyo, mwoneni daktari kwanza, kwa sababu chanjo hiyo haimfai kila mzee. Na ukilazimika kulala Panipat, piga simu hotelini mapema uulize kama wanapokea wageni wa kigeni, kwani kila hoteli inatakiwa kumwandikisha mgeni kwa mamlaka ya uhamiaji na baadhi ya nyumba ndogo hukataa ili kuepuka usumbufu huo.